Ziwa ndani ya tangi la kioo: mwaka wetu pamoja na samaki wa mawe



Kila mtu anayeingia katika chumba chetu cha mikutano hapa Uvira anasimama kwanza mbele ya tangi la kioo, anatazama, kisha anauliza: "Hawa mtawapika lini?"

Hatutawapika. Mkubwa wao analingana na kiganja cha mkono, hatoshi hata mboga ya mtu mmoja. Lakini swali hilo limetuonyesha kwamba hatujaeleza vizuri kwa nini chama cha wamama kilitoa makuta ya sanduku kununua kioo, mchanga na pampu ya hewa, wakati kuna watoto wanaorudishwa nyumbani kwa kukosa makuta ya masomo. Tulikubaliana tangu mwanzo kwamba kila franka ya sanduku itaelezwa katika jarida hili. Basi leo tunaeleza, pamoja na makosa yetu, na pamoja na uamuzi ambao mpaka sasa si wote wanaoukubali.

Bahari sebuleni

Jambo lilianzia Ubelgiji. Mmoja wetu ana binti anayekaa Liège, ambaye kazi yake ni kumtunza mzee mmoja nyumbani kwake. Mzee huyo ana bahari sebuleni. Ni tangi la kioo lenye maji ya chumvi, matumbawe ya rangi za kila namna, na samaki wadogo wa rangi ya machungwa wenye mistari myeupe. Binti alituma video. Watoto wetu waliitazama mpaka simu ikazimika.

Tukamwomba atueleze. Akamuuliza mzee wake, akatuandikia. Maji ya bahari yana karibu gramu 35 za chumvi katika kila lita. Mzee hawezi kwenda kuchota baharini kila juma, kwa hiyo ananunua chumvi maalum, siyo ile ya jikoni, anaikoroga katika maji yaliyochujwa sana, kisha anapima. Maji ya tangi yakipungua kwa sababu ya joto, chumvi haiondoki nayo. Inabaki na kuzidi ukali. Hapo anaongeza maji matupu, hatii chumvi tena.

Matumbawe nayo tulidhani ni mawe au maua. Kumbe ni wanyama wadogo sana wanaoishi kwa wingi pamoja. Ndani ya miili yao kuna mwani mdogo usioonekana kwa macho, unaotengeneza chakula kwa nguvu ya mwanga na kuwagawia wenyeji wake. Ndiyo maana mzee anawasha taa kali kila siku. Joto likizidi, matumbawe yanafukuza mwani ule, yanabaki meupe kama mfupa, na hali ikiendelea hivyo yanakufa.

Wale samaki wa machungwa ndio waliotuchekesha. Wanakaa katikati ya mnyama laini mwenye mikono mingi inayowasha, na wao hawaumii. Katika kundi lao mkubwa kuliko wote ni mama. Mama akifa, mume wake anageuka kuwa jike na kushika nafasi yake. Mama mmoja wetu alisema angependa kuona jambo hilo likitokea katika avenyu yake.

Tulipouliza bei ya vitu vyote vya mzee, tulinyamaza. Bahari ya sebuleni haikuwa yetu.

Lakini miezi miwili baadaye binti akapiga simu usiku. Alikuwa amemsindikiza mzee kwenye duka la samaki. Upande mmoja wa duka hakukuwa na chumvi. Kulikuwa na matangi yenye mawe matupu, na juu ya kila tangi jina limeandikwa. Alisoma: Moba. Moliro. Bemba. "Mama," alisema, "hapa wanauza samaki wa kwetu! Na mmoja anapita euro 20!"

Mwamba ulio mlangoni petu

Bemba ni Pemba, ile ya kusini ya Uvira unapofuata njia ya Baraka kando ya ziwa. Sisi tunapita pale ndani ya gari na kuona mawe tu. Watu wa Ulaya wanaofuga samaki wanalijua jina la kijiji kile kwa sababu ya samaki mmoja mweusi mwenye mshipi wa rangi ya machungwa kiunoni, anayekula mwani juu ya mawe hayo.

Ziwa letu Tanganyika lina kina cha mita 1,470 mahali penye kina kirefu zaidi. Ni la pili duniani kwa kina. Lina umri wa mamilioni ya miaka, na nchi 4 zinaligawana. Samaki wa jamii ya hawa wa mawe wanapita aina 200, na karibu wote hawapatikani mahali pengine popote duniani. Sisi tunaojua mukeke, kuhe na ndagala kwa sababu ya sahani, hatukuwahi kuwafikiria hawa wadogo.

Kama bahari ina matumbawe, ziwa letu lina mawe. Kazi ni ile ile. Katika nyufa zake samaki wanajificha, wanazaa, wanagombania mipaka. Na kwa sisi wenye maji haya mlangoni, kufuga ni rahisi kuliko kwa mzee wa Liège. Yeye lazima apashe maji moto. Kwetu maji yenyewe yana joto la nyuzi 24 hadi 27, hatuhitaji chochote.

Wazo likawa hili: watoto wanaowasubiri mama zao siku za mkutano wapate kitu cha kutazama na kujifunza. Watoto wa Uvira wanaoga ziwani kila siku, lakini hawajawahi kuona kilicho chini. Mkutano ulikubali.

Samaki 11 ndani ya siku 9

Fundi wa madirisha alitukatia kioo. Tangi lina urefu wa sentimita 120, upana 50 na kimo 50. Linachukua lita 300, yaani bidoni 15 za lita 20. Hatukufanya hesabu ya uzito. Meza ya kwanza ilianza kupinda tulipofika bidoni ya nane. Maji peke yake ni kilo 300, bado mawe na kioo chenyewe. Tulitoa maji yote, tukajenga kiti cha matofali, tukaanza upya.

Siku ya Jumanne tangi lilijaa. Maji yalikuwa meupe, yanang'aa. Siku ya Alhamisi kijana wa mama mmoja akaleta samaki 15 ndani ya beseni. Watoto walipiga makofi. Kila mama akaja na chakula chake. Huyu ndagala iliyosagwa, huyu kipande cha fufu, huyu mkate.

Siku ya nne samaki walianza kupanda juu na kuhema. Mashavu yao yalikuwa mekundu. Siku ya tano tulikuta wawili wamekufa, kesho yake watatu. Ndani ya siku 9 tulizika 11 nyuma ya jiko, watoto wakilia.

Halafu tukaanza kulaumiana. Wengine walisema maji yamelogwa. Wengine walisema kijana alileta samaki wagonjwa. Mama mtunza sanduku alisema jambo gumu zaidi: kwamba makuta yale yangelipa masomo ya watoto wawili kwa miezi mitatu, na kwamba yeye alikuwa ameonya. Ilikuwa kweli. Mkutano ule ulimalizika bila wimbo.

Aliyetusaidia ni mwalimu wa biolojia, jirani yetu. Alitazama, akanusa maji, akauliza: "Mlingoja siku ngapi kabla ya kuwatia?" Tukasema mbili. Akatikisa kichwa. Haraka haraka haina baraka.

Alitueleza hivi. Samaki anakula na kujisaidia ndani ya maji yale yale anayopumua. Uchafu wake na mabaki ya chakula yanageuka amonia, ambayo ni sumu. Ziwani sumu hiyo inapotea katika maji mengi. Ndani ya tangi haina pa kwenda. Inayoiondoa ni bakteria wema wanaoota juu ya mawe, mchanga na sifongo ya kichujio. Kundi la kwanza linaigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo bado ni sumu. Kundi la pili linaigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo haina ukali mwingi na inatolewa kwa kubadilisha maji. Makundi hayo yanahitaji majuma manne hadi sita kabla ya kutosha kazi. Sisi tuliingiza wapangaji katika nyumba isiyo na choo.

Kwetu kosa lilikuwa baya zaidi, kwa sababu maji ya Tanganyika si maji ya mto. Yana madini mengi na yanaelekea upande wa magadi, na katika maji ya namna hiyo amonia inazidi ukali. Fufu na mkate vikamaliza kazi.

Kosa lingine lilikuwa katika usafi wetu wenyewe. Mama mmoja, kwa moyo mwema, alitoa sifongo ya kichujio akaiosha vizuri kwenye bomba mpaka ikawa nyeupe. Dawa inayotiwa ndani ya maji ya bomba kwa ajili ya kuua vijidudu haichagui. Ilifukuza bakteria wema waliokuwa wameanza kuota.

Mambo tunayoyashika sasa

Tuliwaacha wale wanne waliobaki peke yao kwa majuma sita, kwa chakula kidogo sana. Baadaye tukaongeza wengine kumi kwa siku moja, ili asiwepo mwenyeji wa kuwasumbua wageni. Tangu hapo tunafuata sheria hizi, nazo zimebandikwa ukutani:

1. Kila Jumamosi tunatoa bidoni tatu za maji na kutia tatu mpya. Ni lita 60 katika 300. Hatubadilishi maji yote kwa mara moja.

2. Maji tunayachota kwenye mawe nje ya mji, mbali na mifereji. Tukikosa usafiri tunatumia maji ya bomba yaliyokaa wazi ndani ya beseni siku nzima, na tunaacha ndani ya tangi makombe ya konokono na mawe ya chokaa ili maji yasipoteze madini yake.

3. Sifongo inaoshwa ndani ya maji yaliyotoka kwenye tangi, kwa kuikamua tu.

4. Mawe yanakaa juu ya kioo cha chini, ndipo mchanga unafuata. Samaki hawa wanachimba. Jiwe lililokaa juu ya mchanga litaanguka na kuvunja kioo.

5. Chakula ni kile kinachokwisha kwa dakika moja au mbili. Samaki wa mawe anakula mwani. Ukimpa nyama na mafuta, tumbo linavimba na anakufa. Sisi tunampa majani ya lenga-lenga yaliyochemshwa kidogo, na anakwangua mawe mwenyewe.

6. Usivute maji kwa mdomo ukitumia mpira. Jaza mpira maji kwanza, ziba kwa kidole, kisha uachilie. Hapa kwetu tunaijua kolera, hatuna haja ya kuikaribisha. Mikono inaoshwa kwa sabuni kabla na baada, ikisuuzwa vizuri, na beseni la samaki halirudi jikoni.

7. Waya wa umeme unaning'inia chini ya tundu lake kwanza kabla ya kupanda, ili tone la maji likiteleza lidondoke sakafuni, lisiingie ukutani. Watoto hawagusi waya.

Majirani wa ndani ya kioo

Sasa tuje kwenye wenyeji, kwa maana hao ndio waliotufanya tusahau ugomvi.

Katika kona ya mchanga tuliweka makombe matupu ya konokono wa ziwa, yale yanayolala kwa wingi ufukoni. Kuna mke na mume wadogo wanaoishi ndani ya kombe moja. Urefu wao ni wa kidole. Walilichimbia kombe mpaka likazama, ukabaki mlango tu juu ya mchanga. Ukipitisha mkono wanaingia wote wawili, mmoja baada ya mwingine. Mama mmoja alisema chumba chao ni kidogo kuliko cha kwake, lakini hajawahi kuwasikia wakigombana.

Kwenye mawe ya kushoto kuna familia ya samaki wa rangi ya maziwa yenye hudhurungi, wenye mapezi marefu kama uzi. Hao wanalea kwa pamoja. Watoto wakubwa hawaondoki. Wanabaki kuchunga wadogo zao, wanapepea mayai kwa mapezi, wanatoa mchanga mlangoni, na wanafukuza samaki aliyewazidi mara mbili. Mabinti zetu wa kwanza walitazama jambo hilo kwa makini sana. Mmoja wa miaka kumi na moja akamuuliza mama yake: "Na huyu anakwenda masomo saa ngapi?" Tulicheka, kisha tukanyamaza.

Wale weusi wenye mshipi wa machungwa ndio wenye tangi. Wana ugomvi, wanafukuzana siku nzima, ndiyo maana ni vizuri wawe wengi, ili mmoja asionewe peke yake. Mama yao anataga mayai machache tu, lakini makubwa, na mara moja anayachukua mdomoni. Anayabeba humo karibu mwezi mzima. Mayai yanaanguliwa mdomoni, watoto wanakua mdomoni. Tulimwona akikwangua jiwe huku mdomo umejaa, tukadhani amechoka kuvumilia. Mwalimu akatueleza kwamba watu waliowachunguza waligundua kuwa anachokwangua wakati huo kinawafikia watoto walio ndani. Yeye mwenyewe anakonda, mgongo wake unakuwa mwembamba. Hakuna mama kati yetu aliyehitaji maelezo zaidi.

Mwalimu alitusimulia pia wengine wa ziwani ambao hatuna. Kuna samaki wadogo wanaoruka-ruka kati ya mawe ya ufukoni: mama anabeba mayai siku za kwanza, kisha baba anayapokea mdomoni mwake na kumaliza kazi. Ilipendekezwa tuwatafute hao haraka na kuwaita waume zetu waje kutazama. Na kuna kambale mdogo mwenye madoa meusi anayeingiza mayai yake kati ya mayai ya mama mwingine wakati anapotaga. Mama anayakusanya yote bila kujua. Watoto wa kambale wanaanguliwa kwanza, na humo humo mdomoni wanawala watoto wa mwenye nyumba. Ziwa nalo lina mambo yake.

Usiku mbili bila umeme

Mama yule mweusi alikuwa na siku 20 hivi za kubeba wakati umeme ulipokatika jioni na haukurudi. Pampu ilinyamaza. Bila hewa, samaki wanakosa pumzi, na bakteria ndani ya sifongo nao wanakufa. Tena mama mwenye mdomo mzima akishtuka au akikosa pumzi, anaweza kuwatema watoto kabla ya wakati.

Hatukuwa na betri. Mama mzee wetu, ambaye ndiye aliyelalamika zaidi juu ya matumizi haya, akachukua jagi, akachota maji ya tangi na kuyamwaga tena kutoka juu, taratibu, ili yaingie na hewa. Akarudia. Akasema: "Leteni kiti."

Tulipanga zamu kama kwenye kilio. Wawili wawili, saa mbili kila zamu, taa ya simu imewekwa chini ili isiwashtue. Hatukuwapa chakula. Sifongo tuliitoa kwenye kichujio na kuiacha ielee. Usiku ule wamama walizungumza mambo ambayo kwenye mkutano hayasemwi: ya mtoto aliyekwenda machimboni na hapigi simu, ya mume, ya mvua ya mwezi wa nne mwaka 2020 wakati mto Mulongwe ulipoingia katika nyumba zetu na kuchukua watu. Asubuhi ilifika. Usiku wa pili tukafanya tena vile vile.

Umeme ulirudi siku ya tatu mchana. Samaki wawili walikufa. Mama yule alikuwa bado amefunga mdomo. Siku tisa baadaye, watoto saba walitoka, kila mmoja kama punje ya mchele, wakarudi ndani, wakatoka tena. Mama mzee aliitwa kutoka sokoni. Alikuja na kikwembe chake cha kazi, hakusema neno, alitazama tu.

Baada ya siku hizo tulinunua pampu ndogo ya betri. Ni kitu cha kwanza mtu anapaswa kununua hapa kwetu, kabla hata ya taa.

Mnunuzi

Habari za tangi zilisambaa. Mwezi uliofuata akaja mtu anayenunua samaki wa mawe kwa ajili ya kuwauza nje. Alisema watoto wetu wa kiume wanajua kuzamia. Wamletee wale weusi wa Pemba, na yeye atalipa dola 1 kwa kila mmoja aliye hai. Alitaka 300 kwa kuanzia.

Dola 300. Mnajua maana yake. Mkutano ulikaa kutoka saa nane mpaka jua likazama.

Upande mmoja walisema: samaki hawa hatuwali, hawana faida kwetu, na Ulaya wanawapenda. Tukikataa, mwingine atawavua. Mama mwenye watoto wanne katika masomo alisema wazi: "Ninyi mnawaonea huruma samaki, na mimi mtoto wangu yuko nyumbani."

Upande mwingine, mama wa yule kijana aliyeleta samaki wa kwanza alisema mwanawe anatoka majini masikio yakimtoa damu. Wakitaka 300, atashuka chini zaidi, na hakuna atakayemlipa masikio.

Tukamwita mwalimu. Alisema jambo ambalo hatukulijua. Samaki huyu haondoki kwenye mawe yake. Hawezi kuvuka mahali penye mchanga mpana, kwa sababu hana pa kujificha. Ndiyo maana kila pwani ya mawe ina rangi yake: huyu wa Pemba ana mshipi wa machungwa, wa Moliro ni mwekundu, na kuendelea. Ukimaliza wa mwamba mmoja, hawatakuja wengine kutoka mwamba wa jirani kujaza pengo. Na mama anayebeba watoto wachache kwa mwezi mzima hawezi kuzaa haraka kama ndagala.

Tulipiga kura. Tulikataa samaki 300. Tulimwambia mnunuzi kwamba tutakapokuwa na watoto wa kutosha waliozaliwa ndani ya tangi, tutamwuzia hao. Alicheka, akasema saba si biashara, akaondoka. Ni kweli, saba si biashara. Yule mama wa watoto wanne bado anaamini tulikosea, na ameomba iandikwe hivyo. Tumeandika. Likelemba ya mwezi ule tulimpa yeye nafasi ya kwanza. Hiyo nayo tumeiandika, ili asionekane aliyesema kweli ameachwa peke yake.

Tangi limetufundisha kutazama ziwa

Tangu hapo tumekuwa tukipita Pemba na Luhanga kwa macho mengine. Mvua ikinyesha juu ya milima iliyokatwa miti, udongo unashuka na kufunika mawe. Mwani uliofunikwa na tope hauliwi. Nyufa zilizojaa tope hazilazi mayai. Tuliliona jambo hilo kwanza ndani ya tangi, siku tulipotia mchanga usiosafishwa vizuri: samaki walizunguka mawe mchana kutwa bila kukwangua kitu.

Mlima hatuwezi kuuinua. Lakini wamama kumi na wawili wa chama wenye mashamba kwenye mteremko wamekubali kupanda majani ya mifugo kwa mistari ya kukata maji, na tumeacha kufulia nguo kwa sabuni juu ya mawe. Tunabeba maji, tunafulia mbali, na maji machafu tunayamwaga kwenye udongo. Pia tumeweka sharti moja kwa watoto: samaki wa tangi harudishwi ziwani, hata akiwa mgonjwa, asije akapeleka ugonjwa kwa wenzake. Na samaki wa mahali pengine haletwi Uvira.

Tangi liko wazi kwa watoto kila Jumatano na Jumamosi alasiri. Mama anayetaka kujaribu nyumbani aje kwanza siku ya kubadilisha maji, abebe bidoni moja pamoja nasi, ndipo aamue. Na akishaweka kioo chake na kukijaza maji, tafadhali angoje majuma sita. Watoto watamsumbua kila asubuhi wakiuliza samaki wako wapi. Awaambie kwamba nyumba yao bado inatengenezwa.

Wale saba sasa wamebaki sita. Wameanza kuonyesha mshipi.